Kwa Nini Ukingo wa Mto Uachiwe Miti

Mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, kama vile Kathita upande wa Meru na Rupingazi upande wa Embu, haileti maji ya nyumbani na ya shambani tu. Ndani yake huishi samaki, na hali yao huonyesha hali ya maji tunayotumia.

Sehemu za juu zenye maji baridi zina trauti, samaki wa jamii moja na samoni, aliyeletwa nchini mwaka wa 1905. Trauti hutaga mayai ndani ya changarawe. Maji safi yakipita kati ya vijiwe, mayai hupata hewa. Udongo uliosombwa kutoka mashambani ukituama hapo, mayai hufa.

Mkunga naye husafiri mbali zaidi. Huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mto Tana akiwa mdogo, kisha baada ya miaka mingi hurudi baharini kuzaa. Mabwawa matano ya umeme, la kwanza Kindaruma (1968) na la mwisho Kiambere (1988), yamemzibia njia ya kufika Tana ya juu. Lakini Kathita na Mutonga huingia Tana chini ya mabwawa hayo. Kwa hiyo kutunza mito hii miwili kuna uzito wa pekee.

Kinga ya kwanza ni ukingo wenyewe. Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda usiolimwa wa angalau mita 6 kila upande, kuanzia sehemu ya juu ya ukingo wa mto. Mto mpana zaidi huachiwa ukanda sawa na upana wake, hadi mita 30. Kwa mwenye shamba dogo, hiyo si ardhi kidogo. Hata hivyo, ukingo usio na mizizi huliwa na mto kila msimu, na shamba huenda nalo.

Wakazi wanashauriwa:

• Kupanda mianzi, mikuyu na miringa ukingoni mvua zinapoanza, na kuondoa mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi.

• Kutoosha pampu za dawa mtoni.

• Kutoziba mto wote kwa mawe au magunia wakati wa kuchota maji ya kunyunyizia; sehemu ya maji iendelee kutiririka, hasa kiangazi.

Kabla ya kung'oa au kupanda, pata ushauri wa chama cha watumiaji maji cha eneo lako au afisa wa kilimo wa wadi.