Stima ya bei nafuu inaishia kwenye mita

Ofisa mmoja wa sekta ya nishati haishi kutaja bei ya 2023: Sh16 kwa yuniti ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme, na Sh8 saa ambazo matumizi ya stima yamepungua. Kwake hesabu imekwisha. Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, haijakwisha.

Mwendeshaji mmoja wa boda ya umeme wa huko, anayebeba mikungu ya ndizi hadi soko la Daraja Mbili, analalamika kwamba bei hiyo inaishia kwenye mita ya kituo cha kubadilishia betri. Yeye hanunui yuniti, anabadilisha betri, na bei ya betri imebeba kodi ya nyumba, mishahara na faida ya mwenye kituo. Isitoshe, milima ya Gusii hula chaji, na mvua ikikata stima kituo hulala. Petroli ya chupa ipo kila duka la kando ya barabara. Ni vigumu kumpinga.

Milima hiyo inaweza kurudisha sehemu ya chaji: kwenye mteremko, mota ya boda ya umeme inaweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme, lakini kwa mkupuo ambao betri haiwezi kuupokea wote. Ndiyo sababu wahandisi hutaja flaiwili, gurudumu zito ambalo mafundi wa Gusii wanalijua kwenye injini za dizeli za kusagia unga. Hulimbikiza nguvu kwa kuzunguka, kisha huitoa papo hapo.

Afrika imeshalijaribu. Léopoldville, Kinshasa ya leo, iliendesha mabasi 12 ya flaiwili kuanzia 1955. Yalikula umeme mwingi, barabara mbovu zikayachakaza, beringi zikavunjika, na kufikia 1959 yakaachwa.

Kwenye pikipiki ugumu unazidi, maana gurudumu linalozunguka kwa kasi hukataa kuinamishwa, na boda hukata kona kwa kuinama. Huenda likafaa zaidi kituoni, kutuliza stima inayopanda na kushuka. Marsabit iliwekewa mtambo wa namna hiyo wa kilowati 500 kusawazisha umeme wa upepo na dizeli. Hata hivyo, nguvu yake ni ya sekunde au dakika, na stima ya Nyamira inaweza kupotea usiku kucha.

Anayefikiria kuacha petroli aulize kwanza bei ya kubadilisha betri moja, umbali wa kituo, na kama kituo hicho kina betri za akiba stima inapopotea.