GARI LA KIKUNDI LINAHITAJI SHAHIDI
Jinsi ya kuchagua na kutumia kamera ya macho mawili

Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha gari. Vikundi vingi hapa kwetu Ruiru, Juja na Thika vimechanga pesa vikanunua pikapu au matatu. Gari la namna hiyo ni jasho la watu wengi. Likigongwa, wote tunagongwa.

Yalitupata sisi wenyewe. Pikapu yetu ilikuwa inapeleka mboga soko la Thika alfajiri. Karibu na Juja, gari dogo liliingia barabara kuu kutoka ile barabara ya kando, tukagongana. Mwenye gari dogo alisema dereva wetu ndiye aliyehama njia. Dereva wetu akakataa kabisa. Shahidi hakuna. Kwenye mkutano wa kikundi tuligawanyika. Wengine wakasema, "Huyo husinzia, tunamjua." Mwishowe tulimkata mshahara ili achangie matengenezo. Baada ya miezi mitatu akaacha kazi. Mpaka leo hatujui kama tulimhukumu kwa haki au tulimwonea.

Ndiyo sababu tulianza kuuliza habari za kamera. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KAMERA HII NI NINI?

Ni kamera ndogo inayopiga picha za video wakati wote injini inapowaka. Video inawekwa kwenye kadi ndogo kama ile ya simu, ikiwa imekatwa vipande vya dakika moja, tatu au tano. Kadi ikijaa, kamera inafuta vipande vya zamani na kuandika vipya juu yake. Ndani yake pia kuna kipimo cha mshtuko. Gari likigongwa, kile kipande cha wakati huo kinafungwa kisifutwe.

Ya macho mawili ina jicho la mbele na jicho la pili. Hapo ndipo mtu anapaswa kufikiri kabla hajatoa pesa.

JICHO LA PILI LIANGALIE WAPI?

Ziko aina mbili. Aina ya kwanza huangalia mbele na nyuma ya gari. Aina ya pili huangalia mbele na ndani ya gari.

Kama gari lenu ni la kubeba abiria, ya ndani inafaa. Inaonyesha kama dereva alikuwa ameshika simu, kama abiria walifunga mikanda, na kama kulitokea ugomvi na makanga. Lakini hakikisheni ina taa za infraredi, yaani mwanga ambao jicho la mtu halioni. Bila hizo, ukitoka Thika saa mbili usiku utapata giza tupu.

Kama gari lenu ni la mizigo, ya nyuma inafaa zaidi, maana kwa ile foleni ya kuingia Ruiru jioni ni rahisi kugongwa kutoka nyuma. Lakini angalieni jambo moja. Kwenye pikapu, jicho la nyuma likifungwa kwenye kioo cha nyuma cha kebini, mkipakia kreti litaonyesha kreti tu! Nunueni ile isiyoingia maji, ifungwe nyuma kabisa karibu na nambari ya gari. Kabla ya kununua pimeni urefu wa waya unaohitajika, kwa maana waya nyingine ni fupi.

MKIFIKA DUKANI

Msinunue kwa kuangalia sanduku. Ombeni iwashwe mwone. Ulizeni mambo haya:

1. Picha. Jicho la mbele lisipungue kiwango cha 1080p. Simameni mlangoni mjaribu kusoma nambari ya gari lililo barabarani. Kama haisomeki mchana, usiku ndiyo kabisa.

2. Joto. Gari likiachwa juani Thika saa saba mchana, kioo kinakuwa kama jiko. Kamera yenye betri ya lithiamu ndani inaweza kuvimba. Ile inayotumia kapasita badala ya betri huvumilia joto zaidi.

3. Kadi. Chagueni kadi iliyoandikwa "High Endurance", maana yake ni kwamba imetengenezwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Kadi ya kawaida ya simu huchoka upesi. Macho mawili ya 1080p kwa kawaida hujaza GB 64 kwa saa tano au sita hivi. Gari linaloshinda barabarani siku nzima lipewe GB 128, kama kamera inaikubali.

4. GPS. Hii inaandika mahali na mwendo wa gari, na kuweka saa sawasawa.

5. Umeme. Gari dogo na pikapu hutumia volti 12, lori kubwa volti 24. Ulizeni kama kamera inafaa gari lenu.

KUIFUNGA

Jicho la mbele likae juu, nyuma ya kile kioo cha kutazama nyuma, mahali ambapo waipa inapangusa. Lisimzibe dereva kuona barabara. Waya ipitishwe pembeni chini ya kitambaa cha dari, isining'inie.

Njia rahisi ni kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Lakini mkitaka kamera ilinde gari likiwa limeegeshwa usiku, mwiteni fundi wa stima ya gari aunganishe kwenye fyuzi, na aweke kifaa kinachokata umeme betri ikianza kushuka. Bila kifaa hicho, asubuhi mtakuwa mnasukuma gari.

Jambo lingine ni kipimo cha mshtuko. Kikiwekwa kuwa chepesi sana, kila shimo la barabara ya murram kitalihesabu kuwa ajali. Vipande vilivyofungwa vitajaa na kadi itakosa nafasi. Wekeni kiwango cha chini au cha kati.

KUITUNZA

Hapa ndipo tulipoangukia. Tulifunga kamera, tukafurahi, tukaisahau. Siku moja lori likatugonga kwa nyuma. Tulikimbilia kadi kwa furaha, kumbe ilikuwa imekufa miezi miwili iliyopita. Ile taa ndogo ilikuwa inawaka kila siku, lakini hakuna kilichoandikwa.

Tangu hapo tuna mtu mmoja wa kamera. Kila Jumamosi anatazama dakika moja ya kila jicho, anakagua tarehe na saa, na kupangusa vioo. Mara moja kwa mwezi anaisafisha kadi upya ndani ya kamera yenyewe, baada ya kuhakikisha hakuna rekodi inayohitajika. Anaandika katika daftari na kutia sahihi. Msiidharau saa: video yenye tarehe ya uongo ni shahidi anayeyumba.

SIKU YA AJALI

Kwanza watu, kamera baadaye. Simameni, saidieni waliojeruhiwa, ripotini polisi. Kisha zimeni kamera na kutoa kadi, ili isiandikwe juu. Msikate wala kutengeneza video hiyo. Nakilini kwenye kompyuta, halafu kadi yenyewe iwekwe katika bahasha pamoja na tarehe na jina la aliyeitoa. Mwambieni ofisa wa polisi na watu wa bima kwamba mna rekodi.

Ikifika kortini, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya namna hii iandamane na cheti kinachoeleza ilivyopatikana na kifaa kilichotumika, kikiwa na sahihi ya mhusika. Ndiyo maana lile daftari la Jumamosi lina kazi.

KUBALIANENI KWANZA

Tulipoleta kamera ya kuangalia ndani, dereva wetu mpya alisema, "Mnanichunga kama mwizi." Alikuwa na haki ya kuuliza. Tuliketi naye, tukaandika mapatano haya:

- Rekodi hutazamwa ajali ikitokea au malalamiko yakiletwa, wala si kwa umbea.
- Hutazamwa na watu watatu pamoja, dereva akiwa mmoja wao.
- Sauti imezimwa. Mazungumzo ya watu si mali ya kikundi.
- Hakuna kutuma video kwa WhatsApp.
- Rekodi ikituhukumu sisi, tutakubali.

Tena kumbukeni Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sura ya mtu ni habari zake mwenyewe, na gari la kazi si kama gari la nyumbani. Wekeni kibandiko mlangoni kinachosema kuna kamera ndani, na kwa nini.

Lile jambo la mwisho katika mapatano lilitujaribu. Mtu wa bodaboda alilalamika kwamba pikapu yetu ilimwangusha huko Kimbo. Wanachama wengi walisema anatafuta pesa tu. Tulipotazama, tuliona dereva wetu alikata kona bila kuonyesha taa. Tulilipa pikipiki itengenezwe. Dereva mwenyewe alikuwapo, akaona, akaomba msamaha. Hakuna aliyegombana, na bado tuko naye kazini.

Kamera haizuii ajali. Haiwezi kuchukua mahali pa breki nzuri, tairi nzima na dereva aliyelala vizuri. Kazi yake ni kusema yaliyotokea, yawe yanatupendeza au hayatupendezi. Kama kikundi hakiko tayari kusikia, pesa hizo ni afadhali zinunue tairi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu hupata hatari zaidi kutoka wapi: mbele, nyuma au ndani?
2. Ni nani ataikagua kamera kila juma, na akisafiri ni nani atamshikia?
3. Je, dereva wetu ameulizwa maoni yake?
4. Kuna mtu tuliyewahi kumlaumu bila ushahidi? Tutamwambia nini?

Sisi hilo la nne tumelijibu. Tulimtafuta yule dereva wa kwanza, tukamrudishia pesa tulizomkata. Alizipokea, akatuandalia chai.