Kidonda kimekauka, lakini vidole vimelala

Siku ile kule Kilembwe tulifikiri tumeshinda. Mwenzetu mmoja alikuwa anakata miti ya kushikilia shimo, panga likateleza, likampiga upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko. Damu ilitoka mingi. Tulimfunga, tukamweka kwenye moto, tukakimbia naye mpaka kwa muganga. Muganga alishona vizuri. Nyuma ya wiki mbili kidonda kilikauka, naye akarudi kazini.

Kuna neno moja alituambia, nasi hatukulisikiliza: «Kidonda kimepona, lakini kidole kidogo haiskie kitu. Iko sawa ya mutu mwingine.» Tukamjibu: «Vumilia kaka, ni damu haijatembea vizuri. Itaisha.»

Haikuisha. Nyama ile ya katikati ya kidole gumba na kidole cha pili ilikonda mpaka pakabonyea. Kidole kidogo na jirani yake vikajikunja sawa ndoano. Nyundo ikaanza kumtoka mkononi. PDG wa shimo akampa kazi ya kuchota maji, na fungu lake likapungua. Mke wake, ambaye alikuwa anauza unga wa muhogo sokoni, akaingia katika kazi ya kutwanga mawe ili watoto wasifukuzwe shuleni. Tulipofaulu kumfikisha kwa daktari wa upasuaji, mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita. Daktari alishika ule mkono, akaugeuza, akauliza: «Ilitokea tarehe gani?»

Sisi wote tukanyamaza. Leo tunaandika juu ya swali lile, maana njo swali linaloamua kama mchimbaji atashika tena nyundo ao hapana.

Kable ndani ya mkono

Kila mmoja wetu anajua kable ya jenereta inayopeleka umeme kwenye pompi. Nje kuna mpira, ndani kuna nyuzi za shaba. Neva, ile mishipa ya fahamu, iko karibu sawa vile. Inatoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, inapita begani na mkononi, mpaka kwenye ncha za vidole. Ndani yake kuna nyuzi nyingi sana: zingine zinapeleka amri kwa nyama («shika», «achilia»), zingine zinarudisha habari («ni moto», «inaumiza»). Mshipa wa damu ukikatika, kila mtu anaona. Neva ikikatika, hakuna kinachomwagika. Ngozi inajifunga juu yake na watu wanasema mtu amepona.

Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika namna tatu. Ya kwanza, neva imegongwa ao imebanwa tu. Inalala, kisha inaamka yenyewe nyuma ya siku ao wiki kadhaa. Ya pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini ganda la nje linabaki. Hapo nyuzi zinaweza kuota upya na kufuata njia yao ya zamani. Ya tatu, neva nzima imekatika, sawa kable iliyopigwa panga. Hiyo haijiungi yenyewe. Inahitaji mkono wa mpasuaji, uzi mwembamba kupita unywele, na miwani ya kukuza.

Milimita moja kwa siku

Hapa kuna hesabu ambayo tungependa kila familia iishike kichwani. Neva iliyoshonwa inaota karibu milimita 1 kwa siku, ni kusema sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka chini ya kiwiko mpaka kiganjani kuna kama sentimita 25 ao 30. Hiyo ni miezi 8 mpaka 10 ya safari. Lakini nyama haingoji bila mwisho. Ikikaa bila neva kwa mwaka mmoja, mwaka na nusu, inakauka na kuwa sawa nyuzi ngumu, na hata neva ikifika haitakuta mtu nyumbani.

Sasa muone kosa letu. Neva ya mwenzetu ingeshonwa katika zile siku za kwanza, ingefika kiganjani mbele ya mwaka kwisha. Mkono haungerudi wote sawa mwanzo, maana kwa mtu mzima ni nadra urudi wote, lakini nguvu ya kushika ingeweza kurudi. Sisi tulikula muda wote wa ile safari kwa neno moja: «vumilia».

Yale ambayo utafiti umeleta

Madaktari hawakusimama kwenye kushona tu. Ikiwa kipande cha neva kimepotea, wanatoa neva ndogo nyuma ya mguu, ile isiyo na kazi kubwa, wanaiweka kuwa daraja. Mgonjwa anabaki na ganzi kidogo pembeni ya mguu, lakini anatembea.

Mwaka 1994, daktari Mfaransa Christophe Oberlin na wenzake walieleza njia nyingine. Tufikiri mtu aliyeanguka na moto, bega likavutika, mkono ukaning'inia, kiwiko hakijikunji tena. Neva ikikatika karibu na shingo, njia ya kuota ni ndefu kupita kiasi. Oberlin alichukua nyuzi chache kutoka neva inayoenda mkononi na bado ina nguvu, akaziunga kwenye neva ya nyama inayokunja kiwiko, pale karibu kabisa na nyama yenyewe. Safari ya mwaka ikawa ya miezi michache. Hiyo ni akili ambayo mchimbaji anaielewa: kama njia ya mbali imebomoka, unatoboa njia fupi kutoka shimo la jirani.

Na kama muda umekwisha? Bado kuna njia moja. Mmekwisha kuona mguu wa kuku jikoni: watoto wanavuta kamba nyeupe, kidole kinajikunja. Kamba ile ni kano. Mpasuaji anaweza kuhamisha kano ya nyama inayofanya kazi na kuipa kazi ya nyama iliyokufa. Kule Vellore, India, kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, daktari Paul Brand aliwarudishia watu wa ukoma matumizi ya mikono kwa njia hiyo. Hiyo njo njia iliyobaki kwa mwenzetu, na njo tunachangisha franga kwa ajili yake.

Si kazi ya kupamba pua

Watu mingi wakisikia upasuaji wa kurekebisha mwili wanafikiri ni mambo ya matajiri wanaotaka pua nzuri. Hapana. Kazi hii ilikua katika vita na moto. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengenezea uso na mikono marubani walioungua katika vita vile, kule East Grinstead, Uingereza. Mwaka 1941 wagonjwa wake wenyewe walijiunga katika chama, wakajiita Guinea Pig Club, ni kusema chama cha kobayi, wale wanyama wadogo tunaofuga jikoni, kwa kuwa walijua wanafanyiwa upasuaji ambao ulikuwa haujajaribiwa. Walisaidiana miaka mingi nyuma ya vita. Sisi wa sendika tunapenda habari hiyo: waliojeruhiwa hawakungoja kuhurumiwa, walijipanga.

McIndoe yule yule, pamoja na wapasuaji wenzake Michael Wood na Thomas Rees, njo walianzisha AMREF mwaka 1957 huku Afrika Mashariki, ili daktari apande ndege amfuate mgonjwa kule ambako barabara haifiki. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha mwili.

Na hapa Kivu ya Kusini, nani hajui Panzi? Daktari Denis Mukwege, nyuma ya hospitali ya Lemera aliyokuwa anafanya kazi kushambuliwa mwaka 1996, alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu mwaka 1999. Kurekebisha miili ya akina mama walioharibiwa na ubakaji wa vita ni upasuaji wa namna hii hii, na mwaka 2018 ulimwengu ulimpa Nobel ya Amani. Bukavu kuna pia kituo cha Heri Kwetu, kinachohudumia watu wenye ulemavu. Ujuzi uko katika jimbo letu. Kinachotushinda ni barabara ya Fizi, Baraka na Uvira, ni franga, na zaidi ya yote ni kuchelewa kujua.

Kwenye mdomo wa shimo

Barabara hatuwezi kuitengeneza kesho. Kujua mapema tunaweza kuanza leo, bila kulipa hata franga moja. Mtu akikatwa ao akibanwa na jiwe:

Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na mkono wako. Usimkaze kwa kamba ao mpira wa ndani wa gari masaa na masaa. Nao unaua neva.

Damu ikitulia, mwambie afunge macho. Gusa ncha ya kidole kidogo, ncha ya kidole cha pili, kisha mgongo wa mkono karibu na kidole gumba. Ni neva tatu tofauti. Muulize: «Nimegusa wapi?» Kisha ainue kiganja, apanue vidole, aunganishe kidole gumba na cha pili. Kama ni mguu, ainue unyayo.

Andika tarehe na majibu kwenye daftari, mpe muganga karatasi. Kama kuna ganzi ao kidole kinakataa, uliza siku ile ile nani anaweza kushona neva na iko wapi. Usingoje kidonda kikauke.

Wakati wa kungoja, vidole visivyojikunja mvikunje na kuvinyoosha kwa mkono mwingine kila siku, kama muganga anaruhusu, ili viungo visigande. Mkono wenye ganzi usikaribie moto: utaungua nao hautasema.

Franga inabaki swali. Mchimbaji wa mkono hana bosi wa kumlipia CNSS. Lakini sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inatutaka tuwe katika kooperative. Basi kooperative isiwe ya kukata karatasi na kuchukua michango tu. Tunaomba kila shimo litoe fungu dogo mbele ya kugawana, liwekwe kwenye sanduku la majeruhi, na hesabu isomwe mbele ya watu wote, akina mama watwangaji wakiwamo, maana panga na mawe hayachagui.

Mwenzetu hajarudi kwenye nyundo. Tumempa daftari. Anakaa kwenye mdomo wa shimo, na mtu yeyote akipandishwa na damu, yeye njo wa kwanza kumwambia: «Funga macho, ndugu. Nimekugusa kidole gani?»