Mafuta yakimwagika Tanga, nani ataokoa mikoko ya Funzi?

IWAPO meli ya mafuta itapasuka katika bahari ya Tanga au Pemba, wakazi wa kisiwa cha Funzi, kaunti ya Kwale, hawawezi kujipa moyo kwamba ajali imetokea ng'ambo ya mpaka. Mkondo wa bahari katika eneo hilo huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huzidi kasi. Mafuta hayana pasipoti.

Hatari ya Funzi inatokana na mikoko iliyozunguka ghuba yake, karibu na mlango wa mto Ramisi. Humo ndimo wanamokulia kamba, kaa na samaki wachanga. Mti wa mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni. Mizizi hiyo ikifunikwa na mafuta, mti hukosa hewa na hatimaye hufa. Mombasa inalijua jambo hilo: mwaka 1988 mafuta ghafi yalimwagika katika hori ya Makupa, na mwaka 2005 meli ya Ratna Shalini ikavujisha mengine bandarini. Mara zote mbili mikoko iliathirika.

Je, sheria zinasemaje? Mwaka 1985, pamoja na Mkataba wa Nairobi, ilitiwa saini itifaki ya kushirikiana wakati wa dharura za uchafuzi wa bahari. Mkataba huo una nchi wanachama 10, zikiwemo Kenya, Tanzania, Msumbiji na Mauritius. Nchi inayoona mafuta hutakiwa kuwaarifu majirani bila kukawia, na iliyolemewa yaweza kuomba msaada. Mkataba mwingine, wa mwaka 1990, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO), unataka kila nchi iwe na mpango wa taifa na vifaa tayari.

Kwa kawaida dharura hugawanywa katika ngazi tatu: umwagikaji mdogo hushughulikiwa na bandari au kampuni husika, wa wastani huhusisha taifa zima, na mkubwa huhitaji msaada wa kimataifa.

Ngazi hiyo ya tatu ilionekana Mauritius mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipokwama mwambani Julai 25 na kuanza kuvuja Agosti 6. Takriban tani 1,000 za mafuta ziliingia baharini. Ufaransa, Japani na India zilipeleka wataalamu na vifaa. Hata hivyo, wananchi ndio waliotangulia, wakishona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa.

Suala la fidia nalo si jepesi. Mafuta yakitoka katika meli inayoyabeba kama shehena, mwenye meli hulipa kwanza, kisha Mfuko wa Kimataifa wa mwaka 1992 hufidia hasara iliyobaki, hadi kiwango maalumu. Wakashio haikubeba shehena ya mafuta, hivyo mfuko huo haukuhusika.

Anayedai hutakiwa kuthibitisha hasara yake, na haki hiyo hupotea asipofungua kesi ndani ya miaka mitatu tangu kuathirika. Mvuvi asiye na kumbukumbu ya kilo alizokuwa akivua ataonyesha nini? Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga. Kwa hiyo daftari la mapato ya uvuvi linalowekwa vyema katika bandari ya wavuvi Funzi ni kinga ya kuandaliwa sasa, kabla ya ajali.