Kumsoma Nyati Mzee

Wageni wengi wanaokuja Tanzania kuwinda nyati huja na namba moja kichwani: inchi 42. Huo ndio upana wa chini wa pembe unaomwingiza nyati wetu katika kitabu cha rekodi cha Rowland Ward, kilichotoka kwa mara ya kwanza London mwaka 1892. Namba hiyo imewaponza madume wengi ambao siku yao haikuwa imefika.

Mara nyingi pembe za nyati huwa pana zaidi dume akiwa na miaka 5 au 6. Ncha bado ni kali, zimepinda juu, hazijapata kazi. Lakini majike hawapati, kwa kuwa wakubwa wake wanamzuia. Zamu yake huja akishavuka miaka 7 au 8. Ukimpiga sasa kwa tamaa ya upana, umeliondolea kundi dume mwenye pembe nzuri kabla hajaacha ndama.

Ndiyo maana mwindaji bingwa aliyeiva huanzia utosini, pale pembe mbili zinapokaribiana. Dume kijana ana nywele na ngozi katikati hapo, na kingo za pembe zenyewe bado ni laini. Aliyekomaa, utosi wake ni mgumu kama gamba la kobe, umechanika mistari, na nywele zimebaki chache au hakuna kabisa. Adui wa darubini hapa ni tope. Nyati ni mtu wa kugaagaa, na tope likikauka juu ya nywele, kijana wa miaka 5 huonekana mzee. Hakuna dawa ila subira: asubiriwe mpaka ainamishe kichwa na kuutazamisha utosi kwako. Kama hainamishi, aachwe aende.

Dalili nyingine ni za kuunga mkono tu. Uso wenye vipara na mvi, masikio yaliyochanika, ngozi inayoning'inia shingoni, mifupa ya nyonga iliyochomoza. Mzee pia hujitenga na kundi, akaishi peke yake au na wenzake wawili watatu karibu na maji, ambako simba wanamjua vizuri. Hata hivyo, kuwa peke yake si cheti cha uzee. Vijana nao huunda vikundi vyao vya madume.

Wanaowinda ayala Ulaya na Marekani wana hesabu tofauti. Pembe za ayala ni mfupa, huanguka kila mwaka na kuota upya, kwa hiyo hufuata hali ya mwili ya mwaka huo. Ayala wa mkia mweupe huko Marekani kwa kawaida hufikia kilele kati ya miaka 5 na 7. Baadaye meno hulika, chakula hakisagiki vizuri, na pembe mpya huweza kuota nyembamba, fupi au zenye matawi yaliyokaa ovyo. Nyati hana bahati ya kuanza upya. Pembe yake ni ganda lililofunika mfupa na halianguki maisha yake yote, hivyo haipungui kwa kudhoofika bali kwa kulika: kuchimba udongo, kusugua vichuguu na miti, kupigana. Ncha huwa butu, nyingine huvunjika, na inchi kadhaa hupotea. Kwa utepe wa kupimia, mzee huyu ameshindwa. Kwangu mimi ndiye nyara halali kuliko wote, maana kazi ya kuzaa ameshaimaliza.

Mnyama akishaanguka, utosi hupata shahidi wake, naye ni taya la chini. Gego la kwanza la kudumu huota kabla ya magego mengine ya kudumu, hivyo ndilo hulika mapema. Likiwa bado refu, lenye mikunjo mikali, aliyelala pale ni kijana, vyovyote utosi wake ulivyoonekana. Likiwa limebaki bapa karibu na ufizi, mpigaji alisoma sawasawa. Kambi inayotunza mataya pamoja na picha za utosi zilizopigwa kabla ya kuchuna inaweza kuona, msimu hadi msimu, kama madume wake wanapigwa wakubwa au wanazidi kuwa wadogo.