Je, Wajua? Rangi, Chokaa na Kuta za Wazee

Ukitoka Bujumbura kuelekea mpaka wa Kongo unapita Gatumba, tambarare ambako mto Rusizi unakaribia kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika. Huko maji hayaivamii nyumba kutoka juu peke yake. Hupanda pia kutoka chini. Kabla hujashika burashi, soma haya.

1. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo ukafurika Gatumba, na maelfu wakahama. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali mabichi, yaani rukarakara. Tofali hilo ni udongo uliokaushwa juani; likilowa siku nyingi hurudi kuwa tope. Hakuna rangi ya kulizuia.

2. Mito mingi huingia ziwa Tanganyika, lakini unaotoka ni mmoja tu: Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda, na watu wa kando wanaloa.

3. Hata hivyo udongo haujashindwa. Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, ulijengwa upya kwa udongo mwaka 1907 na ungali umesimama. Siri yake? Kila mwaka watu wa mji hutoka pamoja kuukandika upya. Ukuta wa udongo hudumu kadiri ya mikono inayourudia.

4. Kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ni kuufungia maji ndani. Saruji ni ngumu, udongo una ulaini wake. Lipu hupasuka, maji huingia kwenye ufa, kisha hayapati pa kutokea. Rangi ya mafuta nayo huziba vivyo hivyo. Nje kunang'aa, ndani kunaoza.

5. Chokaa ni jiwe linalokwenda safari na kurudi. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 900 hivi, hupoteza takriban asilimia 44 ya uzito wake, nayo ni hewa ya kaboni dayoksaidi. Likizimwa kwa maji na kupakwa ukutani, huivuta hewa ileile na kuwa jiwe tena. Mafundi wa zamani waliongeza chumvi au mafuta ya mnyama ili ishike vizuri, wakapaka mikono kadhaa myembamba badala ya mmoja mzito.

6. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila chokaa hukusaidia kuanza. Maji ya mvua huyeyusha kiasi kidogo chake na kukiacha ndani ya nyufa nyembamba, zikajifunga zenyewe. Ufa unaoingia kidole bado ni kazi yako.

7. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, kama mita 3 au pungufu.

8. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilojenga Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati. Ukubwa wa jina hauzuii maji.

9. Katika karne ya 19, vanishi iliyong'arisha samani na magari ya farasi huko Marekani ilitengenezwa kwa sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda, iliyochimbwa pwani ya Mrima na kupitia Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanunuzi wakubwa.

10. Majirani zetu wa Rwanda walipamba kuta za ndani kwa imigongo: samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikachorwa mistari ya matuta, kisha ikatiwa nyeusi, nyeupe na nyekundu.

11. Risasi haiui kwa bunduki peke yake. Madini hayo yalitiwa katika rangi za zamani, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Mkataba wa kimataifa wa kuwalinda wapakaji dhidi ya rangi nyeupe ya risasi ulipitishwa mwaka 1921. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Ukikwangua rangi kuukuu, usipige msasa mkavu: lowesha kwanza, na watoto wakae mbali.

12. Hadi mwaka 2024 Burundi haikuwa na jengo hata moja katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichotambuliwa na UNESCO, mwaka 2014, ni ngoma ya kifalme. Ngoma hurithiwa kwa kupigwa. Nyumba nayo hurithiwa kwa kutunzwa.

Jaribio la nyumbani: Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, ulale. Asubuhi ukikuta matone upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa, fungua madirisha. Ukiyakuta upande wa ukuta, acha kopo la rangi lilivyo na utafute kwanza maji yanatoka wapi.