Kulala Mbeya kwa Mtu wa Pwani

Miongoni mwa safari ambazo watu wa Rahaleo, na watu wa Mtwara kwa jumla, wamezizoea tangu lami ilipoiunganisha Masasi na Tunduru na Songea, hakuna inayoutaabisha mwili kama ile ya kupanda Nyanda za Juu Kusini. Kwani mtu aliyeondoka nyumbani na shati jepesi, akakatiza nchi ya mikorosho na mapori ya Tunduru, akaipita Songea na Njombe na Makambako, huteremka Mbeya usiku wa mwezi wa Julai akakabiliwa na baridi ambayo hakuiwekea akiba, si ya nguo wala ya fedha. Mwenye fedha nyingi habari hii haimhusu sana. Namwandikia mwanafunzi anayekwenda kuripoti chuoni, mfanyabiashara anayefuata mchele wa Kyela na viazi vya Uporoto, na dereva wa lori, ambao wote hutafuta gesti ya bei ya chini pande za Kabwe, Mwanjelwa au Soweto, wakalipa fedha ya kitanda bila ya kuuliza habari ya joto, ilhali joto ndiyo bidhaa hasa wanayoihitaji usiku ule.

Kwa kuwa kazi yangu ni kusomesha fizikia, huulizwa aghalabu kwa nini Mbeya, iliyo juu zaidi na kwa hivyo karibu zaidi na jua, iwe na baridi kuliko Mtwara iliyo ufukweni. Jawabu ni kwamba hewa haipati joto lake kutoka juu moja kwa moja, bali jua huipasha ardhi, na ardhi nayo huipasha hewa inayoigusa. Kisha hewa hiyo ipandapo hutanuka, kwa kuwa huko juu haigandamizwi sana, na katika kutanuka huko hulitumia joto lake, kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, basi hisabu inatupa upungufu wa nyuzi 11. Na maadamu usiku wa Julai Mtwara hushuka hadi nyuzi 19 au 20, tungetazamia Mbeya iwe na nyuzi 8 au 9. Lakini hushuka hadi 6, na pengine chini ya hapo. Salio hilo ni kazi ya mbingu: huku kwetu upepo wa kusi huja na unyevu wa bahari, na mvuke huo huzuia joto la ardhi lisipotee usiku, ilhali Mbeya wakati wa kiangazi mbingu hubaki wazi na kavu, na ardhi hulimwaga joto lake lote angani tangu jua kutua. Ndiyo maana mgeni anayeingia mchana, jua likiwa kali na hewa ikiwa na nyuzi 21 au 22, hukiona chumba chema kabisa, akaacha begi lake na sweta ndani, akaenda zake mjini hadi saa nne usiku.

Huko Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, ipo miji mikubwa ambayo wageni wa gesti zake za bei nafuu hukutana na mambo haya haya kwa kipimo kikubwa zaidi, kama Cusco ya Peru iliyo mita 3,400 na La Paz ya Bolivia iliyo mita zipatazo 3,600. Huko baridi si shida ya kwanza, bali pumzi. Kwa sababu mgandamizo wa hewa pale La Paz ni kama asilimia 65 tu ya ule wa pwani, na mgeni huumwa kichwa, akakosa usingizi na hamu ya kula, hata wenyeji wakamtengenezea chai ya majani ya koka. Mtu wa Mtwara asiingiwe na hofu ya maradhi hayo anapokwenda Mbeya, kwani kwa kawaida huanza kwenye mita 2,500 hivi, na hewa ya Mbeya imebaki na zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa hewa ya Shangani, Mtwara. Atahema kidogo kwenye ngazi siku ya kwanza, na akijaliwa kuupanda mlima Loleza, ambao kilele chake kiko mita 2,656, atahema sana, basi. Maji nayo huchemka mapema huko juu, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hivyo maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko aliouzoea mpishi wa pwani. Lakini maji yaliyochemka Mbeya ni salama kunywa kama yaliyochemka Mikindani, kwani vijidudu vya maradhi havistahimili nyuzi 94 wala 88 za La Paz.

Turudi chumbani. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto kwa kiasi cha wati 70 hadi 80, yaani kama balbu moja ya zile za zamani, na katika gesti isiyo na hita hilo ndilo joto pekee linalozalishwa chumbani usiku kucha. Kwa hivyo chumba, godoro na blanketi havizalishi joto hata chembe. Kazi yao ni kulihifadhi la mwenye kulala, na vyapasa kupimwa kwa kazi hiyo. Mabati yaliyo juu bila ya dari hupoa haraka kuliko kitu chochote cha nyumba, kwa kuwa yanaikabili mbingu ile iliyo wazi, basi katika gesti ya ghorofa chumba cha chini, chenye chumba kingine juu yake, ni bora kuliko cha juu chenye mandhari nzuri. Fauka ya hayo, mwezi wa Juni na Julai jua la nchi yetu huelemea kaskazini, na ukuta wa tofali unaolitazama upande huo, na hasa ule wa kaskazini magharibi unaopigwa na jua la alasiri, hunywa joto mchana ukalirudisha ndani polepole mpaka karibu ya usiku wa manane. Ukuta wa kusini haupati kitu. Mgeni anayeyajua hayo, akisimama mapokezi mbele ya kitabu cha wageni, kalamu imefungwa kwa uzi na ufunguo umetundikwa kwenye kipande cha mbao, hana haja ya kubishania bei.

"Shikamoo baba, pole na safari," husema binti wa mapokezi.

"Marahaba, mwanangu. Nipe cha chini, kile kilichopata jua la jioni. Na blanketi la pili lipo?"

"Lipo baba, nikuletee?"

Hulileta bila ya malipo, kwa kadiri nilivyoona, ila hungoja kuombwa. Na wageni wetu wengi huona haya kuomba. Likija, wengi hulitandika juu ya la kwanza, ilhali godoro la sifongo lililokonda chini ya uzito wa mwili limekwisha kupoteza hewa yake, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Kwa hivyo mwenye blanketi mbili na godoro jembamba alaze moja chini yake na ajifunike moja, kisha atandaze juu yake kikoi na koti na chochote alicho nacho. Soksi na kofia si aibu kitandani. Chandarua nacho, hata pasipo mbu, huituliza hewa kidogo, na mbu wenyewe si kwamba hawapo Mbeya.

Habari ya kuoga ina ajabu yake. Shawa ya umeme, ile yenye kichwa kinene cha plastiki ambayo maji hupashwa moto humo humo ndani yakipita, imeenea sana katika gesti zetu za nyanda za juu kama ilivyoenea katika gesti za Andes, na hakuna kifaa kinacholalamikiwa na watu wa pwani kuliko hicho. Dhulma kubwa! Shawa ya wati 5,000 ikipitisha maji lita 3 kwa dakika huyaongezea nyuzi 24 hivi. Na maji ya tangi yaliyolala nje, yakiwa na nyuzi 12 alfajiri, yatashuka na nyuzi 36, ambayo ni joto la kuogea. Fungua bomba lipitishe lita 6, na nyongeza itakuwa nyuzi 12 tu, ukaoga maji ya nyuzi 24 huku ukimlaani mwenye nyumba. Kwetu maji ya tangi huwa na nyuzi 26 tangu hapo, na bomba likifunguliwa lote bado mtu ataridhika, kwa hivyo mkono wetu umezoea kufungua lote. Mbeya lipunguze bomba taratibu mpaka joto likupendeze, ila usilipunguze mno, kwani mgandamizo wa maji ukiwa mdogo shawa hujizima yenyewe. Na kabla ya yote tazama kama kuna waya wa ardhi, uliounganishwa vizuri. Ukiona nyaya zimefungwa kwa mfuko wa nailoni, iache shawa hiyo, uombe ndoo ya maji moto, ambayo gesti nyingi hukupa asubuhi kwa hiari au kwa fedha kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niyaandike haya, nalo ni jiko la mkaa. Mtu wa pwani amelelewa na seredani ndani ya nyumba: huifukizia udi na ubani, huiingiza chumbani kwa mwari na kwa mgeni, na hajapata kuona madhara, kwa sababu nyumba ya pwani hupumua. Makuti hupitisha hewa, baina ya ukuta na paa huachwa mwanya, madirisha hufunguliwa usiku ili upepo uingie. Chumba cha gesti ya nyanda za juu kimejengwa kwa nia iliyo kinyume kabisa: mlango umebana, dirisha limefungwa, na mwenye busara ya kupambana na baridi ameziba nyufa kwa magazeti. Mazoea yale yale yasiyodhuru Mtwara humwua mtu Mbeya.

Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Na mkaa uliokolea ukawa mwekundu bila ya moshi, ambao watu husema umekwisha kuwa salama, huitoa tele. Hewa hii ikiingia mapafuni hushikana na damu, mahali pa oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hivyo hata kiasi kidogo chake, kikivutwa kwa saa nyingi, hujaza damu pasibaki nafasi. Na kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye hewa nyepesi ya mlimani oksijeni ilikuwa imepungua tangu hapo. Swali ninaloulizwa daima ni kwa nini aliyelala asiamke akapiga kelele kama anayezama majini. Jawabu ni kwamba hisia ya kubanwa pumzi huletwa na kuzidi kwa hewa chafu tunayoitoa wenyewe, wala si kwa kupungua oksijeni. Na hapa hewa chafu hiyo yaendelea kutoka kama kawaida, mtu anavuta na kutoa pumzi kwa raha, huku moyo na bongo vikinyimwa chakula chao. Anachokihisi, kama yuko macho, ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uvivu wa viungo, mambo ambayo huyahesabu kuwa ni uchovu wa basi, kisha akazidi kujifunika. Wakiwa wawili au watatu chumbani, na wote wakaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hapana shaka tena: watoke nje wote, mlango na dirisha vifunguliwe, na aliyelegea apelekwe hospitali hata kama ameanza kuona nafuu.

Kuacha dirisha wazi kidogo, kama wengine wanavyoshauri, sikuamini. Kwani baridi ikizidi saa nane usiku mtu hunyanyuka nusu usingizini akalifunga. Jiko lipikie uani na libaki uani. Anayetaka moto kitandani ajaze maji moto katika chupa ya plastiki iliyo nene, aikaze kifuniko, aivishe soksi na kuiweka miguuni. Chupa ya lita moja na nusu, ikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 35, hutoa joto la kutosha kumpeleka mtu usingizini, na baada ya hapo blanketi zitafanya kazi yake.

Iko tanbihi moja ya homa. Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku 9 hadi 14 aghalabu kabla ya kudhihirika, kwa hivyo mtu aliyeumwa na mbu Rahaleo huweza kuanza kutetemeka akiwa Mbeya juma la pili, na wenyeji, na yeye mwenyewe, wakasema ni baridi ya mji. Kutetemeka kunakokoma ukijifunika ni baridi. Kunakoendelea chini ya blanketi tatu, na kichwa na maungo yakiuma, kwahitaji kupimwa damu siku hiyo hiyo, na muuguzi aambiwe kwamba mgonjwa ametoka pwani.

Wako hatimaye ambao hawalali gesti kabisa, nao ni madereva na matingo wa malori yanayoshusha makaa ya mawe ya Ngaka hadi bandari ya Mtwara, ambao wakirudi juu hulala ndani ya kabini ili kuokoa fedha ya chumba. Kabini ni chumba kidogo kuliko vyote nilivyovitaja, na jiko la mkaa humo, hata likiwa dogo la kuchemshia chai, huijaza hewa kwa muda mfupi sana. Injini inayoachwa ikinguruma ili ipashe joto, bomba lake la moshi likiwa na tundu, hutoa hewa ile ile. Kwao ushauri wangu ni blanketi mbili nzito zinunuliwe Njombe, ambako wauzaji wanaijua baridi, na injini izimwe kabla ya mtu kulala.